Shamba Linalopanda Treni Goweko

Mwezi Januari, mahindi yakiwa yamefika gotini, kuna alama moja katika mashamba ya Goweko, wilayani Uyui mkoani Tabora, ambayo kila apitaye kwa baiskeli huiona na wachache huisoma. Majani ya chini huanza kubadilika rangi. Ncha na kingo zake huingia zambarau, mithili ya shuka nyeupe iliyolowekwa beseni moja na khanga mpya inayochuja. Shina limedumaa, jembamba kama kalamu. Ng'ambo ya njia, hatua kumi tu, mahindi ya mbegu ileile, yaliyopandwa wiki ileile, yamesimama kijani kibichi na yameshampita mtoto wa darasa la pili kwa kimo. Mvua iliyoyanyeshea ni moja. Tofauti ni kwamba ng'ambo ile mwaka jana palilimwa tumbaku.

Nimewasikia watu wakisema ni baridi ya usiku. Wengine wanasema ni ugonjwa, na wapo wanaonong'ona kuhusu jicho la jirani. Mimi nasema ni njaa. Mmea ule umekosa fosforasi, na rangi ile ya zambarau ndiyo kilio chake.

Fosforasi haina jina la mtaani. Naitrojeni wakulima wetu wanaijua kwa jina la urea, na wanaijua kwa macho: ukiiweka leo, baada ya wiki moja shamba linaitika. Fosforasi hufanya kazi yake kimya, kwenye mizizi na ndani ya punje. Pasipo hiyo mmea hauwezi kutunza wala kutumia nguvu uliyoipata kwenye jua, na mbegu haijai. Sisi wenyewe tunaibeba katika mifupa na meno. Hennig Brand, Mjerumani aliyeigundua mjini Hamburg mwaka 1669, aliipata kwa kuchemsha mkojo wa watu ndoo kwa ndoo akitafuta dhahabu. Dhahabu aliikosa, akapata kitu ambacho kila siku kinatoka shambani, kinapita miilini mwetu na kuishia chooni.

Jambo moja linaitenga na naitrojeni, na hoja yangu yote imesimama hapo. Naitrojeni imejaa angani, karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta, na karanga, kunde na njugumawe zina namna ya kuivuta na kuiweka ardhini. Fosforasi haina ghala la namna hiyo juu yetu. Inatoka ndani ya mwamba unaolika polepole kwa maelfu ya miaka, na ikishaondoka shambani hakuna karanga itakayoirudisha. Kwa hiyo tunapofyeka pori likawa shamba, shamba likawa malisho, malisho yakawa kijiji, tunafanya zaidi ya kubadili sura ya nchi. Tunaihamisha fosforasi. Na watu wa Goweko, wajukuu wa wapagazi, wanajua kuliko wengi maana ya kuhamisha mzigo.

Njia ya misafara kutoka Bagamoyo ilikuja huku. Ilipita Tura, ikapita Rubuga, ikaingia Unyanyembe. Richard Burton na John Speke walifika Kazeh, palipo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, wakiwa wageni kwenye njia ambayo Wanyamwezi walishaizoea kwa miaka mingi wakishusha pembe za ndovu pwani. Historia imeandika mengi kuhusu pembe na kuhusu watumwa, na ni haki. Haijaandika vya kutosha kuhusu mtama. Kila msafara ulikula. Mamia ya wapagazi, mara nyingine zaidi ya elfu, walipiga kambi na kununua nafaka, kunde na kuku katika vijiji vya kandokando. Nafaka ilitoka kwenye matuta ya wenyeji, ikaliwa kambini, na masalia yake yakabaki kwenye vichaka vya kambi hiyo au yakatembea na watu hadi kambi ya mbele. Ukiipima kwa mizani ya udongo, njia ile kuu ilikuwa ikichota kwenye mashamba na kumwaga kwenye makambi.

Wenyeji walilijua hilo bila maabara. Mahali palipokuwa na mji, kisha watu wakahama, Wanyamwezi na Wasukuma hupaita itongo. Na kila mkulima anajua kwamba itongo linazaa. Majivu ya jikoni, mifupa, kinyesi cha mbuzi, pumba za mtama, maji ya kuoshea vyombo: maisha ya watu ya miaka ishirini yamelala pale chini. Mwanasayansi wa Uswidi, Olof Arrhenius, alipima fosforasi ya udongo katika miaka ya 1920 na 1930 akagundua kwamba anaweza kutafuta vijiji vilivyotoweka kwa kipimo hicho peke yake, kwa kuwa mahali walipoishi watu ilikuwa imejaa kuliko mashamba ya jirani. Karibu na kwetu kuna ushahidi mkubwa zaidi. Mwaka 2018 Fiona Marshall wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, pamoja na wenzake, walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya uchunguzi wa mabaki ya maboma ya wafugaji wa kale huko Narok, Kenya. Maboma hayo yaliachwa kati ya miaka 1,550 na 3,700 iliyopita. Samadi ilishageuka udongo zamani, lakini fosforasi ipo mpaka leo, majani yanaota mazuri pale kuliko pembeni, na wanyama pori huyafuata. Ng'ombe waliokufa kabla ya Nabii Isa kuzaliwa bado wanalisha swala.

Hebu fikiri maana yake. Ikiwa tendo la mfugaji linaweza kubaki ardhini miaka elfu tatu, basi na tendo letu la kuondoa litabaki vilevile.

Udongo wa Goweko si mmoja. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo aliyekuwa kituo cha Amani, Usambara, ndiye aliyeipa dunia, katikati ya miaka ya 1930, wazo la kuutazama udongo wa nchi zetu kama mnyororo unaoshuka kutoka kilimani hadi bondeni, kila pingili ikitegemea ile ya juu yake. Wazo hilo linafundishwa vyuoni ulimwengu mzima. Lakini Mnyamwezi na Msukuma walishaipa kila pingili jina lake kabla Milne hajazaliwa. Kuna kikungu, udongo mwekundu. Kuna kichanga kinachotokana na mawe ya matale, ambacho ndicho kimetanda sehemu kubwa ya Tabora. Kuna itogolo, ule mgumu wa chini ya mteremko unaokataa maji. Kisha mbuga, nyeusi, inayopasuka kiangazi na kunata masika.

Fosforasi inaishi maisha tofauti katika kila pingili. Katika kikungu ipo, ila imefungwa. Wekundu ule ni chuma, ndugu ya kile ambacho wahunzi wa Usumbwa na Unyamwezi walikiyeyusha wakafua majembe yaliyouzwa mpaka masoko ya Tabora. Na chuma hicho, pamoja na aluminiamu, huikamata fosforasi na kuikumbatia hata mzizi usiweze kuibandua. Unaweza kumwaga mbolea leo, na baada ya wiki chache sehemu kubwa ikawa mateka. Katika kichanga hakuna wa kuikamata, lakini tangu mwanzo ilikuwa kidogo, na karibu yote yenye faida imo ndani ya mboji, katika ule weusi mwembamba wa juu usiozidi kiganja. Ukiulima, ukauacha wazi juani, mboji hiyo huoza haraka. Msimu wa kwanza na wa pili unavuna vizuri, unadhani shamba ni tajiri, kumbe unakula akiba. Mvua kubwa ya Desemba nayo huukwangua weusi huo na kuupeleka bondeni.

Huko bondeni, mbugani, ndiko kuna habari njema ambayo wakulima wa mpunga wanaifaidi bila kuambiwa. Jaruba likijaa maji, hewa inakosekana udongoni, chuma kinabadilika hali yake na kuiachia fosforasi iliyokuwa imeshikwa. Ndiyo maana mpunga wa mbugani unaweza kustawi bila mbolea miaka kadhaa, wakati mahindi ya juu yanaona zambarau. Mkulima wa mbugani anavuna kilichotoka kwa jirani yake wa juu. Wakigombana mpaka, wangepaswa kukumbuka hilo.

Na pori je? Hapa naomba msomaji anipe nafasi, maana ndipo moyo wangu ulipo.

Msimu wa masika, Goweko stesheni, kina mama huja na mabeseni ya uyoga. Treni ikisimama wanakimbia kandokando ya mabehewa, vichwani rangi ya manjano, ya chungwa na ya kahawia. Siku moja nilimsalimu mmoja wao, mwangaluka, nikamuuliza wanautoa wapi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa maji yanatoka wapi. "Porini, mwanangu. Chini ya mitundu. Shambani hauoti huu." Akaniwekea mmoja mkononi. Chini ya shina lake ulikuwa bado umeshika udongo, na ndani ya udongo ule kulikuwa na nyuzi nyeupe, nyembamba kuliko uzi wa buibui, zimeng'ang'ania kipande cha mzizi kisichofika urefu wa kucha.

Mama yule alisema kwa maneno manane jambo ambalo vitabu vya elimu ya misitu hulieleza kwa sura nzima. Mitundu na miyombo, miti iliyolipa pori letu jina la miombo, haifiki yenyewe kwenye fosforasi ya udongo maskini. Mizizi yake imeungana na kuvu. Mti hutoa sukari iliyotengenezwa majanini. Kuvu nao hutandaza nyuzi zao mbali kuliko mzizi unavyoweza kwenda, hulamba fosforasi kwenye majani yaliyooza na hata kwenye punje za mchanga, na kuuletea mti. Uyoga tunaokula ni tunda la ushirika huo. Jani likianguka, fosforasi yake haikai hata masika mawili kabla ya kudakwa tena na kurudishwa juu. Pori la miombo limesimama juu ya mchanga wenye njaa kwa sababu halipotezi kitu. Kila chembe inazunguka.

Ukikata mitundu, kuvu wale nao wanakufa, kwa kuwa hawana mwingine wa kuwapa sukari. Mahindi yana kuvu wake wa aina nyingine, wasiozaa uyoga, nao husaidia, ila mzunguko ule wa kubana matumizi unakuwa umevunjika. Kwa hiyo beseni la uyoga lisipokuja stesheni, usiulize tu bei ya mboga. Jua kwamba mtambo wa kutunza fosforasi wa eneo zima umezimika.

Wazee walifyeka pia, nisiwasingizie utakatifu. Walifyeka, wakachoma, wakalima. Moto huondoa naitrojeni na salfa zikapaa na moshi, lakini fosforasi nyingi hubaki katika majivu, tayari kwa kutumiwa, na majivu yenyewe hupunguza uchachu wa udongo. Walivuna misimu michache, kisha wakahama na kuacha pori lirudi. Kuhama ndiko kulikokuwa mbolea yao. Mambo mawili yalikuja kulikata hilo. Katika miaka ya 1920 na 1930 utawala wa Waingereza uliwakusanya watu wengi wa magharibi katika makazi ya pamoja ili kukwepa mbung'o na malale. Baadaye ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Sina ugomvi na shule wala zahanati zilizoletwa na vijiji, ni neema. Lakini shamba la karibu na kijiji likaanza kulimwa kila mwaka, na hakuna aliyesema ni nini kitachukua nafasi ya kule kuhama.

Kisha ikaja tumbaku. Baada ya mradi wa karanga wa Waingereza kuanguka, ule ulioanza mwaka 1947 Kongwa, Urambo na Nachingwea, na kuzikwa mwaka 1951, Urambo iligeukia tumbaku, na zao hilo likaenea mkoa mzima hadi Uyui. Leo Tabora inaongoza nchini. Tumbaku inashutumiwa kwa mengi, na mimi ni mmoja wa wanaoishutumu, kwa kuni inazokula na kwa mapafu inayoua. Hata hivyo ukweli lazima usemwe: tumbaku ndiyo iliyoleta fosforasi ya dukani Goweko. Mkulima wa mkataba hupewa kwa mkopo NPK yenye namba 10:18:24. Namba ile ya katikati ndiyo fosforasi, kwa hesabu ya viwandani. Ukiitafsiri, mfuko wa kilo 50 una karibu kilo nne za fosforasi halisi. Tumbaku haiimalizi. Mwaka unaofuata mkulima mjanja anapanda mahindi juu ya matuta yaleyale, na ndiyo yale mahindi ya kijani niliyoyasema mwanzo. Watoto wa Goweko wanakula ugali uliorutubishwa na mkopo wa tumbaku. Ni hali inayonisikitisha: zao la sumu limepewa mbolea inayofaa udongo wetu, na zao la chakula limeachiwa makombo.

Sasa ingia nyuma ya bani, pale tumbaku inapokaushwa. Chini, mdomoni mwa tanuru, kuna shimo la majivu. Ni laini, ya kijivu chenye weupe, na yamerundikana msimu hadi msimu. Yale ni pori. Miti ilikatwa mbali, ikaletwa kwa mkokoteni na trekta, ikateketezwa mahali pamoja, na majivu ya eneo kubwa la miombo yakalala katika shimo moja la ukubwa wa chumba. Fosforasi iliyomo si nyingi, chokaa na potasi ndizo zimejaa zaidi, lakini zote ni za ardhi ileile, na udongo wetu wa kichanga wenye uchachu unazililia zote tatu. Nimeyaona yakimwagwa njiani kuziba mashimo. Nimeyaona yakisombwa na mvua. Afisa ugani anayepita pale akahimiza urea tu bila kuyanyooshea kidole majivu yale, hajaitenda haki kazi yake.

Tupige hesabu ya mahindi, kwa kuwa ndiyo inayohusu kila nyumba. Tani moja, yaani magunia kumi ya kilo mia, hubeba karibu kilo tatu za fosforasi. Ikiliwa Goweko, angalau inabaki Goweko, hata kama imezama chooni. Lakini gunia likipakiwa kwenye behewa au lori, limekwenda. Reli iliyotoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na tangu siku hiyo mzigo uliosafirishwa na mpagazi kwa miezi mitatu husafiri kwa siku mbili. Reli ya kisasa inayojengwa kutoka Makutupora hadi Tabora itaufanya usafiri kwa saa chache. Naishangilia reli hiyo. Ila kila behewa la nafaka linaloteremka kwenda pwani lina shamba ndani yake, na sijaona popote hesabu ya behewa linalopanda na kulirudisha.

Linganisha na asali. Tabora ina sifa ya asali kuliko mkoa wowote, na chuo cha ufugaji nyuki kipo mjini humohumo. Tani nzima ya asali hubeba gramu 40 hivi za fosforasi, uzito wa vijiko vichache vya chumvi. Mahindi kilo tatu, asali gramu 40! Nyuki huchukua sukari iliyotengenezwa kwa jua na maji, na karibu kila kitu kingine kinabaki porini. Sidai watu wale asali badala ya ugali. Ninachodai ni kwamba tunapogawa ardhi ya kijiji kwa mpango wa matumizi bora, pori la nyuki lisiandikwe kama ardhi isiyotumika. Ni ardhi inayoleta fedha bila kuuza udongo wake, na sijui matumizi mengine ya ardhi Uyui yanayoweza kujisifu hivyo.

Ng'ombe nao wana hesabu yao. Wanatembea mchana kutwa porini na mbugani, jioni wanarudi zizini na kuacha samadi. Ni wapagazi wa fosforasi wasiolipwa, wakiitoa sehemu kubwa na kuirundika sehemu ndogo. Mkulima na mfugaji wakielewana, mzigo huo unaishia shambani. Wakigombana, kama tunavyoshuhudia mara kwa mara, mfugaji anahama na zizi linabaki kichaka cha mchicha pori, huku shamba la jirani likiona zambarau. Mabaraza ya vijiji yanatumia siku nzima kuamua faini ya ng'ombe aliyekula mahindi. Yangetenga hata saa moja ya kuzungumzia samadi.

Nilisema fosforasi haina ghala hewani, na sirudi nyuma. Lakini vumbi hupaa. Mwaka 2005 Rashid Tamatamah, wakati huo mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wenzake walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoingia Ziwa Victoria hushuka kutoka angani, ikiwa katika vumbi na majivu ya mioto. Ziwa linaichukia zawadi hiyo: inalisha mwani, maji yanageuka kijani, gugu maji linapata chakula. Kilichokuwa utajiri shambani kinakuwa uchafu ziwani, na safari ilianzia kwenye shamba lililoachwa wazi kiangazi na kwenye moto wa Septemba ambao hakuna aliyekiri kuuwasha.

Kwa nini basi nina matumaini? Kwa sababu ya kilima kimoja wilayani Babati. Zamani za kale Ziwa Manyara lilikuwa kubwa kuliko leo, na Minjingu ilikuwa kisiwa ndani yake. Minandi na ndege wengine walikula samaki, wakapumzika kisiwani, wakaacha kinyesi na mifupa, karne baada ya karne, mpaka ikawa mwamba. Mwamba huo uligunduliwa mwaka 1956, na uchimbaji ukaanza mwaka 1983. Ni fosforasi yetu wenyewe, nchini mwetu, bila kuvuka bahari. Na tabia yake ni ya kutufaa: mwamba wa Minjingu huyeyuka vizuri katika udongo wenye uchachu na usio na chokaa nyingi, ambao ndio udongo wa kichanga wa Tabora. Wakati dunia inaitazama Morocco, yenye takribani asilimia 70 ya akiba inayojulikana ya fosfeti, sisi tuna kilima chetu barabarani kati ya Arusha na Babati.

Naiweka mbele Minjingu kwa sababu hata miti ya kupandwa haitatuvusha peke yake. Kituo cha utafiti cha Tumbi, nje kidogo ya Tabora, kilifanya kazi na ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo-misitu, kwa miaka mingi kujaribu mashamba ya miti ya mzunguko, akasia zikipandwa pamoja na mahindi kisha zikaachwa zikue ziwe kuni za mabani. Ni kazi ya thamani, imeonyesha kwamba kuni zinaweza kulimwa na pori likapumua. Lakini mti unaweza kuvuta naitrojeni na kuipandisha fosforasi kutoka chini, hauwezi kuiumba. Ukiubeba mti, umeibeba na fosforasi yake.

Kwa hiyo nina neno kwa wanaopanga ruzuku. Tangu msimu wa 2022/2023 serikali imerudisha ruzuku ya mbolea kwa wakulima waliosajiliwa, na nchi imepata nafuu ya kweli. Mafanikio yake yanatangazwa kwa tani. Tani hazisemi kitu kuhusu Goweko. Mkulima mwenye fedha ya mfuko mmoja hununua urea kwa sababu anaiona ikifanya kazi, na urea haina hata chembe ya fosforasi. Kwa kulisukuma zao likue, inazidi kuuchimba udongo kile kidogo kilichobaki. Ruzuku ifuate udongo. Kichanga cha Uyui kipewe Minjingu kwa bei ambayo mwenye ekari mbili za mahindi anaimudu, nao wenye kikungu wafundishwe kuweka mbolea kidogo shimoni, karibu na mbegu, kabla chuma hakijaidaka, badala ya kuitawanya. Kupima udongo kusiwe safari ya kwenda maabara ya Mlingano, Tanga, kwa mkulima ambaye nauli ya Tabora mjini tu inamshinda. Tumbi ipo. Ipewe vifaa na gari, izunguke kata kwa kata kabla ya mvua.

Na kwako unayelima Goweko, Igalula, Nyahua au Kigwa, au ndugu yako anayelima huko nawe uko Dar unasoma gazeti hili: mvua za kwanza huanza Novemba. Mwambie mambo yasiyohitaji serikali. Majivu ya bani na ya jikoni yaende shambani kwenye mahindi, yafukiwe ndani ya tuta. Mabua yasichomwe. Samadi ya jirani inunuliwe hata kwa kubadilishana na pumba. Mifupa isitupwe jalalani, ichomwe na kusagwa. Mitundu iliyobaki kwenye kilima iachwe isimame, hata kama bwana wa mkaa amekuja na fedha mkononi.

Magunia kumi ya mahindi, kilo tatu za fosforasi. Mfuko mmoja wa kilo 50 wa mbolea ya tumbaku una nne. Deni hilo linalipika, na la msimu huu bado halijalipwa.